Sura ya Saba: Kupiga Bisho Usambara

Bibi yangu alizaliwa Chovai, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Kule hakuna mlima. Ukisimama ufukweni hukuti kinachokuzuia macho ila milingoti ya vyombo na vilima vya mchanga, na njia ya kutoka kijiji hadi kijiji ni maji. Nilipomweleza kwamba nimepanda milima ya Usambara kwa baiskeli, aliniuliza swali la mtu wa bahari: chombo kisicho na mashine kinapandaje kitu kilichosimama mbele yake kama ukuta? Nikamwambia kwamba barabara haiendi moja kwa moja. Inakata kulia, inarudi kushoto, inakata kulia tena, na kila ikigeuka inakuwa juu kidogo ya pale ilipokuwa.

"Basi huko si kupanda, mjukuu wangu," akasema. "Ni kupiga bisho."

Sijapata neno bora kuliko hilo. Chombo kinachokwenda kinyume cha upepo hakipambani nao uso kwa uso. Nahodha hukilaza upande mmoja, kisha hugeuza tanga na kukilaza upande wa pili, na safari ya maili tatu ikawa ya maili saba, lakini anafika. Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto imejengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kiasi cha 1,400. Mwinuko huo wa mita 1,000 umetandazwa juu ya kilomita 33 hivi, yaani mita tatu za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda. Ukisoma takwimu hiyo kitandani unaona ni jambo jepesi. Lakini barabara haikugawa mzigo sawasawa: sehemu kubwa ya kupanda iko kati ya Mombo na Soni, ndani ya korongo, na hapo ndipo mapaja yanapoujua ukweli.

Sura hii ni ya njia za baiskeli katika milima hii, lakini kuna jambo moja ambalo nataka msomaji alishike tangu mwanzo. Huku Usambara, lami na historia havipiti mahali pamoja. Mwendesha baiskeli anayefuata lami tu ataona misitu, maporomoko na soko la mboga, atapiga picha nzuri, na atarudi Mombo bila kujua kwamba amepita kando ya mji mkuu wa dola.

Tuanze chini. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, nayo ilifika Mombo mwaka 1905. Tangu hapo Mombo imekuwa mlango wa mlima. Leo mlango huo ni wa mabasi ya Arusha na Dar es Salaam, bodaboda, na Fuso zinazoteremsha kabichi, karoti, viazi na nyanya kwenda masoko ya mjini. Ondoka alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi joto la tambarare hulala juu ya lami kama blanketi, na kona za mwanzo hazina kivuli cha kutosha. Kabla ya kuondoka, mwone fundi. Mimi nilifika na baiskeli niliyoiamini, na kijana mmoja aliyekuwa akiziba pancha chini ya mwembe akaigeuza, akabonyeza breki mara mbili, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi breki za mjini. Kupanda utapanda. Kushuka je?"

Alikuwa na haki. Kushuka Usambara ni kazi ngumu kuliko kupanda, kwa sababu uchovu wa kupanda unakuonya, na wepesi wa kushuka haukuonyi. Breki za rimu zikishikwa mfululizo kwa kilomita nyingi hupasha chuma moto hadi tyubu hupasuka, na tyubu ikipasuka katika kona yenye genge upande mmoja, hakuna hadithi ya pili. Shika na kuachia, shika na kuachia, gurudumu la nyuma na la mbele kwa zamu. Simama kila baada ya muda, uguse rimu. Na ukisikia Fuso nyuma yako, toka barabarani kabisa. Dereva aliyebeba tani za viazi hawezi kukukwepa kwenye kona hata akitaka.

Kupanda kwenyewe, nitasema machache, maana kila mtu hupanda kwa pumzi yake. Weka gia nyepesi kabla hujaihitaji. Usiitazame kona ya juu. Tazama mita kumi zilizo mbele ya gurudumu. Upande mmoja utakuwa na sauti ya mto chini ya miti, na hewa itabadilika taratibu, kwanza harufu ya vumbi na mkonge, halafu migomba, halafu udongo mbichi. Kabla ya Soni yako maporomoko ya maji, na hapo wengi hupumzika. Mimi nakuomba upumzike Soni kwenyewe, ule ndizi za kuchoma na chai ya tangawizi, kwa sababu uamuzi wa maana wa safari nzima unafanyika hapo. Lami ya Lushoto inaendelea mbele. Njia nyingine inaachana nayo kuelekea upande wa Vuga na Bumbuli.

Fuata hiyo ya pili.

Vuga leo ni kijiji. Kuna migomba, kuna nyumba za bati, kuna watoto watakaokukimbilia wakipiga kelele za furaha, kuna wazee ambao ukiwaamkia kwa Kisambaa, "onga mshi", badala ya kuanza na Kiswahili watakupisha kivulini. Hakuna kibao kikubwa wala geti la kiingilio. Lakini mwaka 1848 mmisheni Johann Ludwig Krapf alipotoka Mombasa kutafuta ruhusa ya kufundisha dini yake katika nchi hii, alikuja hapa, kwa sababu hapa ndipo alipokuwa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, mfalme wa Washambaa. Mwaka 1852 akaja tena. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke nao wakapanda hadi hapa, kabla ya safari yao kubwa ya maziwa. Wote walipanda kwa miguu. Mamlaka ya Kimweri yaliteremka hadi pwani, na majumbe wa vijiji vilivyo kati ya Pangani na Vanga walitazama pande mbili, Unguja kwa Sultani na Vuga kwa Simba Mwene.

Mwanzo wa ukoo wake wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuusoma wenyewe, nalo ni jambo la fahari. Abdallah bin Hemedi Liajjemy, aliyekaa miaka mingi na Wakilindi, ndio ukoo huo, aliandika *Habari za Wakilindi* kwa Kiswahili, na wamisheni wa Magila karibu na Muheza wakaanza kuichapa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ikaitoa upya. Humo yumo Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyetengwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Alikuja Usambara na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, naye akapewa chakula cha shambani. Akaua simba. Wakamfanya mfalme. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya meno akawa babu wa wafalme kwa sababu ya ukarimu. Soma kitabu hicho kabla hujapanda, kisha utazame migomba ya Vuga.

Kwa nini mji mkuu ulikaa hapa juu? Ukifika kwa baiskeli huhitaji kuambiwa. Miguu yako imekwisha kujibu. Adui alipaswa kupanda kila hatua uliyoipanda wewe. Mvua hunyesha huku wakati tambarare inakauka. Washambaa walipenda kukaa mahali pa juu karibu na ukingo wa mlima, palipo na udongo wa migomba nyuma yao na tambarare ya kuwinda na kulima chini yao, na njia zao zilipita migongoni mwa milima kutoka kijiji hadi kijiji. Barabara ya gari iliyokuja baadaye ilitaka kitu kingine kabisa: njia ya kufika Lushoto kutoka stesheni ya reli. Ikafuata korongo la mto, ikaiacha Vuga pembeni.

Nilimwuliza mzee mmoja wa hapo kama inamuuma kuona magari yote yanakwenda Lushoto.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu," alisema, "na kuja kwako nimekuona. Waliokuja zamani nao walikuja wachache wachache."

Rudi Soni kabla jua halijakuchwa, na siku ya pili maliza kilomita zilizobaki hadi Lushoto. Zina miteremko mifupi ya kupumzisha mapafu na mashamba ya mboga yaliyopangwa kando ya mto kama mikeka. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao, wakapenda baridi yake. Miezi ya Juni hadi Agosti utaielewa baridi hiyo usiku. Beba sweta, usibishane.

Kutoka Lushoto hadi ukingo wa Irente ni mwendo mfupi wa kilomita tano au sita, na ni lazima uende, hata kama miguu imekataa. Mlima unakatika ghafla. Chini yako, mbali, ni tambarare ya Umasaini na barabara kuu inayometa, na karibu na mguu wa mlima ni Mazinde. Watu wengi husimama hapa kutazama machweo. Mimi nilisimama nikaitazama Mazinde, kwa kuwa pale ndipo historia ya Vuga ilipovunjika. Kimweri alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja hakuitaka Vuga; aliketi Mazinde, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani, ambako bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Mlimani kulikuwa na heshima, chini kulikuwa na silaha. Miaka zaidi ya thelathini ya vita na utumwa ikafuata, na Wajerumani walipofika waliikuta dola imekwisha kupasuka. Mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mfalme aliyekuwa Vuga. Ukisimama Irente unaona kwa jicho moja kisa chote hicho: barabara ilipohama, nguvu ilihama nayo, na waliokuwa juu wakabaki na migomba yao.

Na hapa inanibidi nirudi Kismayo kidogo. Kando ya mto Juba, nyuma ya pwani ile aliyotoka bibi, wanaishi watu wa Gosha ambao baadhi yao bado wanasema Kizigula. Wazee wao walichukuliwa katika karne ya 19 kutoka bara hili la Tanga, wakati wa njaa na biashara ya watumwa, wakapelekwa pwani ya Benadir, wakatoroka na kujijengea vijiji msituni. Vita vilipoanza Somalia mwaka 1991, wengine walikimbia kurudi kusini, na Tanzania ikawapokea Handeni, kambi ya Mkuyu, kisha Chogo, na maelfu wakapewa uraia. Bibi alikuwa anajua maneno machache ya Kizigula aliyoyasikia sokoni Kismayo utotoni. Nilipomwigia salamu na vineno vya Kisambaa nilivyookota njiani, alinyamaza kidogo, kisha akasema amewahi kusikia watu wa namna hiyo. Kisambaa na Kizigula ni lugha ndugu. Sikuwa nimetarajia baiskeli inifikishe hapo.

Kaskazini ya Lushoto barabara inapanda tena hadi Magamba, na kuanzia hapa msitu ni msitu kweli. Ni hifadhi ya mazingira asilia. Mbega wanaruka juu ya barabara na mikia yao yenye ncha nyeupe, ukungu unaning'inia kwenye miti hadi saa tatu, na sauti pekee ni mnyororo wako. Hizi ni kilomita nzuri kuliko zote nilizowahi kuendesha Afrika Mashariki, nasema hivyo nikiwa nimefikiri. Lami ikikwisha, tairi nyembamba za mashindano zitakutesa. Weka tairi za milimita 40 au zaidi, na punguza upepo kidogo. Wakati wa masika udongo mwekundu hushika breki na kujaa kwenye fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Njoo Julai au Agosti, au Januari na Februari.

Upande wa Shume utaona misonobari na miti mingine iliyopandwa kwa mistari. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikata miangati mikubwa ya huko, na ili kuishusha ilijenga waya wa kuning'iniza mizigo kutoka ukingoni mwa mlima hadi Mkumbara kwenye reli. Magogo yalipita hewani juu ya magenge ambayo wewe huthubutu kuyachungulia. Mti uliochukua karne kukua ulifika chini kwa dakika.

Njia ya Lukozi inakupeleka hadi Mtae, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lushoto, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba hivi kwamba kuna mahali unaona bonde kulia na bonde kushoto. Gawa safari hii mara mbili. Siku isiyo na mawingu unaona Upare na nyuma yake Kilimanjaro. Mlalo, upande wa mashariki wa njia hii, inahitaji siku yake: nyumba za ghorofa za udongo na miti zenye roshani za mbao, na karibu yake misheni ambayo Walutheri wa Bethel waliianzisha mwaka 1891. Tazama pia miteremko. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza huko mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa jema na amri ilikuwa mbaya. Watu walikataa, wanawake wakiwa mstari wa mbele kwa kuwa jembe lilikuwa mikononi mwao, na mnamo 1957 mpango ukaachwa. Mtu anayepita na gari haoni mteremko ni nini. Mwendesha baiskeli anajua kila digrii, na ndiyo maana ninaamini yeye ndiye msikilizaji bora wa kisa hicho.

Na si Usambara peke yake yenye milima ya baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Dunia ilitazama vilima vya Rwanda na ikastaajabu. Eritrea ina barabara yake kutoka Asmara kushuka Massawa, na ikamzaa Biniam Girmay aliyevaa jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024. Goma wana chukudu, ule usafiri wa mbao wenye magurudumu mawili unaoteremsha viazi kutoka milimani. Usambara haina upungufu wa mlima wala wa vijana wenye mapafu; kila asubuhi wanapandisha ndoo za maji na mikungu ya ndizi kwa baiskeli nzito zisizo na gia. Kinachokosekana ni mtu wa kuwawekea ramani, vibao na nyumba za kulala katika vijiji ambavyo lami imevipita. Halmashauri za Lushoto na Bumbuli zinaweza kuanza na kibao kimoja tu pale Soni.

Imebaki Amani, katika Usambara ya Mashariki, na hiyo ni safari ya kumalizia. Anzia Muheza, kati ya michungwa na mashamba ya mkonge, kilomita 30 na kidogo hadi juu. Mwanzo ni rahisi. Kisha unafika Sigi, ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni, na nyumba ya mkuu wa stesheni ipo mpaka leo, sasa ni mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi. Kutoka Sigi ni bisho juu ya bisho, kokoto na mizizi, chini ya miti mirefu inayofunika mbingu. Amani ilifanywa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na wataalamu walipanda humo miti kutoka pembe zote za dunia. Baadhi yake, kama msizi, imetoka bustanini na kuusumbua msitu wa asili. Kwenye miamba yenye kivuli tafuta ua dogo la zambarau. Ni lile ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alituma Ujerumani mwaka 1892, likaitwa Saintpaulia, na leo limo kwenye vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Huko ni pambo. Hapa ni kwao, na hapa msitu wake unazidi kupungua. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini.

Lala Amani usiku mmoja. Asubuhi shuka polepole, breki kwa zamu, ukiusikia mto Zigi kando yako. Ukifika Muheza endelea na lami hadi Tanga, kilomita 35 hivi za tambarare na upepo wa bahari usoni. Nilifika mjini jioni, nikakaa Raskazone kutazama ngalawa zikirudi, nikaomba maji dukani. Mwenye duka alinijazia bilauri kutoka bombani. Maji ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani, na bwawa la Mabayani hujazwa na mto Zigi, na mto Zigi hutoka katika msitu ule wa Amani nilioushuka asubuhi.